Maji Yanavyokula Chuma: Mambo ya Kujua Kabla ya Kushika Mashine ya Presha

Kijana muosha magari ana haraka. Foleni ni ndefu, na tope la jana limegandamana kwenye ukingo wa bodi juu ya tairi la nyuma. Anasogeza bunduki ya maji mpaka inabaki shubiri moja kutoka kwenye bati, anabana kifyatulio, anatulia hapo hapo. Tope linatoka. Halafu linafuata pande la rangi lenye upana wa vidole viwili, na chini yake inaonekana puti ya kijivu ambayo mwenye gari hakujua kama ipo.

"Bosi, hii ilikuwa imeshaachia," anajitetea kijana.

"Imeachia wapi, mdogo wangu? Gari nimelileta zima."

Wote wawili wana haki. Rangi ilikuwa imeachia kwa ndani, na maji ndiyo yaliyoimalizia. Ubishi wa namna hii hausuluhishwi kwa kulaumu "presha kubwa", kwa sababu maji yanayosafisha gari bila kuacha alama ndiyo hayo hayo yanayochuna rangi, yanayokunja mapezi ya rejeta na yanayomwaga grisi ya beringi. Tofauti inaletwa na umbali, muda, na kile kilichomo ndani ya maji. Ukiyaelewa hayo matatu utajua pa kupiga, pa kupitia kwa juu juu, na pa kuacha kabisa.

Tuanze na namba. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 hivi, yaani ile 30 inayosomwa kwenye geji ya mjaza upepo. Mashine ndogo ya nyumbani hutoa maji kwa bar 100 au zaidi kidogo. Za biashara mara nyingi hufika bar 150 hadi 200. Tuchukue ya bar 150. Maji yakipenya kwenye nozeli, presha hiyo hugeuka kuwa mwendo, nayo hutoka yakienda mita 170 hivi kwa sekunde, zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Ukitaka mwendo wa namna hiyo bila mashine, utafute mlima. Katika kituo cha umeme cha Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, maji huteremka takriban mita 850 kabla ya kupiga magurudumu ya mitambo aina ya Pelton. Kimo hicho kinatoa presha ya bar 83 hivi na mwendo wa karibu mita 130 kwa sekunde. Kwa hiyo mashine iliyoko uchochoroni kwenu inaizidi Kihansi kwa presha. Inachopungukiwa ni wingi wa maji: Kihansi ina uwezo wa megawati 180, na maji ya ile mashine yanabeba nguvu ya kilowati 2 na nusu tu.

Hapo ndipo panapoleta mshangao. Mashine ya bar 150 inayotoa lita 10 kwa dakika humsukuma nyuma anayeishika kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 3. Nguvu inayolifikia bati ni ya kiasi hicho hicho. Mtoto akiegemea mlango wa gari anausukuma zaidi ya hapo. Na chuma laini cha kawaida, kile cha mageti na fremu, hakianzi kubonyea moja kwa moja mpaka kibanwe kwa kiasi cha bar 2,500. Sasa bar 150 inakidhuruje?

Jibu ni kwamba maji hayo hayasukumi tu, yanagonga. Mkondo ukitoka kwenye nozeli huwa mzima kwa umbali mfupi. Hewa huukwangua pembeni, unaanza kuyumba, unakatikakatika, na mwisho unakuwa mvua ya matone yanayokwenda kasi ile ile au pungufu kidogo. Vijana wanaojirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani, Zanzibar, wanaijua tabia ya maji vizuri: ukiyaingia kwa mikono yanakupisha, ukitua kwa tumbo yanakuwa ubao. Tone linalopiga chuma liko katika hali hiyo. Kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, maji yaliyo katikati ya tone yanabanwa na hayana pa kukimbilia. Presha inayozaliwa hapo ni zao la mambo matatu: uzito wa maji kwa ujazo wake, mwendo wa tone, na mwendo wa sauti ndani ya maji, ambao ni kama mita 1,480 kwa sekunde. Mafundi huiita nyundo ya maji. Ndiyo hiyo inayogonga kwenye mabomba ya nyumba mtu akifunga koki kwa ghafla. Weka mita 170 kwa sekunde kwenye hesabu hiyo, utapata bar 2,500.

Bar 2,500 ndiyo pale pale chuma laini kinaposalimu amri. Hii ni hesabu ya juu, kwa kuwa hewa hupunguza kasi ya matone njiani, lakini inaeleza kwa nini kilo 3 za maji zinaweza kufanya kazi ambayo kilo 3 za mkono haziwezi.

Pigo halijaishia hapo. Yale maji yaliyobanwa yakipata upenyo huchomoka pembeni, yakitambaa juu ya chuma kwa kasi inayozidi ile ya tone lenyewe. Chuma kikiwa laini kama kimesuguliwa, maji hayo hupita bila madhara. Yakikutana na ukingo wowote, iwe mkwaruzo, kishimo cha kutu, mshono wa welding au rangi iliyonyanyuka kidogo, huukita na kuuinua. Huko Cambridge, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Bowden na Brunton walirusha maji kwenye vitu vigumu vya kila aina wakaona jambo hilo waziwazi: kwenye kioo na plastiki, mara nyingi alama ya pigo ilikuwa pete, katikati pakibaki pazima na uharibifu ukizunguka pembeni. Kabla yao, S. S. Cook, aliyefanya kazi pamoja na Charles Parsons, mbunifu wa mtambo wa mvuke, alikuwa ameshaonyesha mwaka 1928 kwamba nyundo ya maji inatosha kueleza kwa nini mapanga ya mitambo ya umeme huliwa na vitone vilivyomo kwenye mvuke. Mvuke huo haukuwa na mchanga wala tindikali. Ni vitone tu.

Chuma hakiliwi mara moja, na hili ndilo huwadanganya wengi. Ukikipiga kwa muda fulani hakipungui hata kidogo kwenye mzani. Ndani kwa ndani mambo yanaendelea: uso unabonyeabonyea, unakuwa mgumu na kupoteza ulaini, punje za chuma zinainuka kingo, nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho zinaanza. Muda huo ukipita, vipande vinaanza kung'oka, vishimo vinatokea, na kila kishimo kinakuwa kingo mpya za kupigwa na yale maji ya pembeni. Maji yakijaa ndani ya ufa halafu tone lingine likatua juu yake, ufa unapanuliwa kwa ndani. Kulika kunakwenda mbio. Baadaye sana, uso ukishakuwa na mashimo ya kutosha kuhifadhi maji, kasi hupungua tena kwa sababu matone yanatua juu ya maji badala ya chuma.

Mwendo wa maji ndio mwamuzi mkubwa kuliko yote. Kwa metali nyingi, kasi ya kulika hupanda kwa takriban kipeo cha tano cha mwendo wa matone. Tafsiri yake ni kwamba ukizidisha presha mara mbili, mwendo huongezeka kwa asilimia 40 tu, lakini kulika huongezeka mara tano hadi sita. Wanaopenda kukaza skrubu ya presha "ili kazi iende" wangeanza na nozeli, tutaifikia.

Pamoja na hayo yote, nisikutishe. Bati la gari lisilo na kutu na lenye rangi iliyoshika halitaliwa na mashine ya bar 150 kwa uoshaji wa kawaida. Kwenye vyelezo, meli husafishwa kwa maji ya zaidi ya bar 2,000. Rangi nzee huondoka, kutu huondoka, magamba ya viumbe vya bahari yaliyonata huondoka, na chuma kinabaki. Maji hayo hata hayaachi mikwaruzo mipya ya kushikia rangi kama upigaji wa mchanga unavyofanya. Yanafichua tu ile iliyokuwapo tangu meli ilipopigwa mchanga mara ya kwanza. Mafundi wa rangi wanalijua hilo, ndiyo maana chuma kipya kisichowahi kupigwa mchanga hawakiandai kwa maji matupu. Wanajua pia kwamba chuma kilichovuliwa kwa maji hupata kutu ya rangi ya chungwa kabla ya siku kwisha, hasa kwenye hewa ya chumvi ya Mombasa au Tanga. Kama umechuna geti lako kwa maji, likaushe na ulipige rangi ya kwanza siku hiyo hiyo.

Metali laini ni habari nyingine. Alumini safi hubonyea kwa sehemu ndogo ya kile kinachohitajika kukibonyesha chuma. Rimu za aloi zenye vanishi iliyopasuka, mapezi ya rejeta, fremu za madirisha na sufuria za biashara, vyote hivyo vinaumia mapema. Mapezi ya rejeta ni bati la unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Pigo la pembeni linayalaza yote upande mmoja, hewa inakosa njia, na wiki mbili baadaye dereva anashangaa kwa nini gari linachemka akipanda mlima. Rejeta huoshwa kwa mpira wa kawaida, maji yakielekezwa moja kwa moja kwenye mapezi bila mshazari, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Halafu kuna mchanga. Kama kuna jambo moja ningependa mwenye mashine alichukue kwenye makala hii, ni hili. Maji matupu ya bar 4,000 yanayotoka kwenye tundu dogo kuliko nusu milimita hukata sponji, ngozi, vyakula na makaratasi ya maboksi viwandani, lakini bamba nene la chuma yanalishindwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutokana na kazi ya mhandisi Mohamed Hashish huko Marekani, viwanda vilianza kutia punje za ganeti ndani ya mkondo huo, na ghafla maji yakawa yanakata chuma cha sentimita kadhaa. Ganeti ni jamii moja na tsavoraiti inayochimbwa Merelani na Taita, ingawa ya viwandani si ya kuvaliwa pete. Maji kwenye mashine hizo ni mchukuzi tu. Mkataji ni punje.

Mito yetu haina ganeti ya kutosha kukata bamba, lakini ina mchanga wa kwatzi, jiwe gumu kuliko chuma cha kawaida. Kwenye mito inayoteremka kutoka Himalaya, India na Nepali, msimu wa monsuni huleta mchanga mwingi kiasi kwamba ndoo za chuma za mitambo ya Pelton hukwanguka na kupoteza umbo, na vipo vituo vinavyozima mitambo mchanga ukizidi. Sasa mtazame muosha magari anayetumbukiza mpira wa pampu mtoni moja kwa moja, bila chujio. Kila punje inayopita kwenye pampu inakwangua pistoni na vali zake, inakwangua nozeli, kisha inapiga rangi ya gari la mteja kwa mamia ya kilomita kwa saa. Vanishi inakuwa na ukungu ambao hakuna nta itakayouondoa. Maji ya mtoni, ya kisima au ya boza yamwagwe kwanza kwenye tangi, yatulie, yanyonywe kutoka juu kidogo ya kitako cha tangi na yapite kwenye chujio la waya laini. Maji ya bahari yasitumike kabisa, hata kama yametulia wiki nzima; chumvi itamaliza kile ambacho mchanga umebakiza.

Mchanga hautoki mtoni tu. Gari lililotoka barabara ya vumbi tayari limevaa wa kwake. Ndiyo maana kazi huanza kwa kulowesha kwa mbali na kuacha tope lilainike, kisha kulitelemsha kutoka juu kwenda chini, kabla sponji haijagusa bodi. Anayeanza na sponji anapiga msasa.

Nozeli nyingi za kuchomeka zina rangi, na rangi hizo si urembo. Nyekundu hutoa mkondo mmoja ulionyooka, nyuzi sifuri. Njano hutawanya kwa nyuzi 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi, yenye tundu pana, ni ya sabuni. Ukisimama sentimita 30 kutoka kwenye bati, nyeupe inatandaza maji kwenye mstari wa sentimita 22 hivi, kijani sentimita 13, njano sentimita 8. Ukiisogeza hiyo njano hadi sentimita 10, mstari wote unakuwa chini ya sentimita 3, na nguvu ile ile imekusanyika hapo. Gari huoshwa kwa nyeupe au kijani. Njano ni ya zege, matairi ya trekta na majembe. Nyekundu sioni kazi yake kwenye kitu chochote cha mteja, na ile nozeli inayozunguka, inayopendwa kwa kutoa tope gumu, nayo ni mkondo wa nyuzi sifuri uliotiwa mwendo wa duara. Isipelekwe kwenye rangi wala kwenye matairi. Kama bunduki yako ni ile ndefu ya kuzungusha shingo, kumbuka kwamba unapoikaza, mkondo unarudi kuwa kama ule wa nozeli nyekundu.

Anza mita 1 kutoka kwenye gari, sogea taratibu, simamia sentimita 30. Piga kwa kuinamisha bunduki kidogo, na usiache mkono utulie. Penye mkwaruzo, kipande cha puti kinachojulikana, stika au rangi iliyopigwa gereji mwezi huu, pita kwa mbali au tumia mpira. Muosha magari mwenye busara huzunguka gari na mwenyewe kabla ya kufungua maji na kumwonyesha kwa kidole: "Hapa, kaka, na hapa, nitapita kwa mbali." Dakika moja hiyo inaokoa ubishi wa jioni nzima.

Matairi yanahitaji neno lake. Maji yakipiga ubavu wa tairi kwa karibu, mpira hubadilika rangi kwanza, kisha hupasuka ndani ambako huoni, na tairi linaweza kupasuka siku nyingine kabisa, barabarani, likiwa na abiria. Watengenezaji wa mashine hizi husema umbali usiwe chini ya sentimita 30 kwa tairi na vali yake. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu tairi ndilo lenye tope zaidi.

Pikipiki ndizo ninazozionea huruma. Bodaboda huoshwa karibu kila siku, na kijana hupenda kuelekeza maji pale penye grisi nyeusi kwa kuwa ndipo panapoonekana pachafu. Hiyo grisi ndiyo inayoiweka pikipiki barabarani. Sili za beringi za gurudumu na za usukani zimetengenezwa kuzuia maji ya mvua na ya dimbwi, si mkondo wa bar 150. Maji yakipita, grisi inatoka, kutu inaingia, na beringi inaanza kulia ndani ya wiki chache. Osha vituo vya magurudumu, cheni na shingo ya usukani kwa brashi na maji ya ndoo, kausha cheni, tia oili. Kwa pikipiki za umeme zinazoongezeka Kigali, Nairobi na Dar es Salaam, angalia alama ya kinga ya maji. Kifaa kilichoandikwa IP67 kimepimwa kwa kuzamishwa kwenye maji ya mita 1 kwa nusu saa. Hakijapimwa kwa maji ya presha. Alama inayohusu maji ya presha na ya moto ni ile inayoishia na 9. Kama huioni, usipige betri, soketi wala mota.

Mabati ya nyumba huoshwa siku hizi kabla ya kupakwa rangi au kabla ya kuvuna maji ya mvua. Bati lenye zinki ya daraja zuri lina unene wa zinki wa kama sehemu mbili za mia za milimita kila upande, na mengi yanayouzwa yana pungufu ya hapo. Kinga yote ya bati ni hiyo. Penye kutu iliyoanza, maji ya karibu huing'oa pamoja na zinki iliyobaki pembezoni, na wakati mwingine unabaki na tundu ambalo kutu ilikuwa imeliziba. Piga kwa mbali kwa nozeli nyeupe, ukifuata mteremko, kamwe usipige kwenda juu chini ya mapishano ya bati. Huku pwani kuna faida halisi ya kusuuza chumvi kwenye bati mara kwa mara, lakini kwa kusuuza huko mpira wa kawaida unatosha.

Tumwangalie mwathirika ambaye hakuna anayemfikiria: mashine yenyewe. Tundu la nozeli ya mashine tuliyoichukua lina upana wa milimita 1 hivi, na maji yale yale yanalila usiku na mchana. Likipanuka kwa asilimia 10 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, presha kwa maji yale yale hushuka kwa karibu theluthi. Bar 150 inakuwa kama 100. Mwenyewe anadhani pampu imechoka, anamwita fundi afungue pampu, au anamwambia kijana asogee karibu zaidi. Kabla ya kufungua chochote, badilisha nozeli. Zenye kiini cha kabaidi au kauri hudumu kuliko za shaba ya njano.

Pampu nayo ina ugonjwa wake. Ikinyonya kupitia mpira mwembamba, uliojikunja, au chujio lililoziba, presha upande wa kunyonya hushuka hadi maji yanachemka yakiwa baridi. Viputo vya mvuke hutokea, vikifika penye presha vinasinyaa kwa kishindo, na kila kimoja hupiga chuma kilicho karibu. Lord Rayleigh alifanya hesabu ya kusinyaa huko mwaka 1917, wakati mapangaboi ya meli yalikuwa yanatoboka bila maelezo. Wenye malori wanaujua ugonjwa huu kwa sura nyingine: laina ya injini ya dizeli iliyojaa vitundu upande wa nje, penye maji ya kupoza, kwa sababu mtu alizoea kujaza maji ya bomba badala ya kipozeo kilichopendekezwa. Kwenye pampu ya kuoshea utaisikia kabla ya kuiona. Hutoa sauti ya kokoto zinazozungushwa. Zima. Tangi liwe juu ya pampu, mpira wa kunyonya uwe mnene na mfupi, chujio lisafishwe kila asubuhi.

Umeme na maji nisiongeze mengi: swichi kuu iwe na kifaa kinachokata umeme ukivuja, waya usilale kwenye dimbwi, na anayeshika mashine avae buti za mpira.

Limebaki la mwisho, nalo ni zito kuliko rangi ya gari. Maji yanayoweza kung'oa puti hayahangaiki na ngozi. Presha ndogo mara nyingi kuliko bar 150 inatosha kupenya mwilini, na watu hujipiga kwa njia za kawaida kabisa: kuziba nozeli kwa kidole kuona kama imeziba, kuosha miguu yenye tope baada ya kazi, utani wa kumlenga mwenzako, kushika mpira uliotoboka ili kuzuia maji. Jeraha linakuwa tundu dogo, pengine hata damu haitoki, na maumivu ya kwanza ni madogo. Watu hufunga kitambaa wakaendelea na kazi. Kumbe maji yamefuata njia za mishipa na kano ndani ya kidole hadi kiganjani, yakiingiza sabuni, mafuta, mchanga na vijidudu vya tangi. Baada ya saa kadhaa mkono unavimba, na kuchelewa kunaweza kugharimu kidole au mkono.

Jeraha la namna hii ni la hospitali yenye daktari wa upasuaji, siku hiyo hiyo, mapema iwezekanavyo, liwe dogo namna gani. Usilikamue, usilifunge kwa kukaza, usilipashe moto. Inua mkono juu ya kifua, vua pete, na usile chochote mpaka daktari aseme, kwa sababu huenda ukahitaji kufanyiwa upasuaji. Uliza kuhusu sindano ya pepopunda. Mhudumu wa mapokezi akiona tundu dogo anaweza kukuweka nyuma ya foleni, hivyo sema mapema na wazi kwamba ni maji ya presha yaliyoingia ndani.

Uingereza wafanyakazi wa maji ya presha hutembea na kadi mfukoni inayomweleza daktari aina ya kazi na presha yake, na kumtahadharisha kuhusu maambukizi yasiyo ya kawaida. Hapa kwetu kipande cha karatasi kilichobandikwa karibu na swichi ya mashine kinaweza kufanya kazi hiyo, mtu akiumia kikabanduliwa na kwenda naye. Kiandikwe: jeraha la maji ya presha, bar ngapi, maji ya bomba, ya kisima au ya mtoni, sabuni gani ilikuwa ndani, na nafasi ya kujaza saa aliyoumia.